Pikipiki kuukuu, lami ya Makambako na tope la Lupembe

Kuna ugonjwa umeingia kwa vijana wa huku Njombe, na mimi sijasalimika. Ni ugonjwa wa pikipiki ndefu. Zile zenye umbo la pikipiki za mashindano ya porini: tanki jembamba, kiti kiko juu, madigadi ya mbele imeinuka kama mdomo wa bata, halafu chini zimefungwa tairi pana za lami. Zinaitwa supermoto. Ukiona picha yake kwenye simu, kosta ya asubuhi inayosubiri ijae ndipo iondoke unaiona kama adhabu.

Wenzangu waliomaliza chuo wakarudi kufanya kazi mkoani wananiuliza hivi: je, inafaa kununua supermoto ya zamani, mtumba, iwe usafiri wa kila siku kati ya Njombe na Makambako? Jibu langu ni kwamba umbo lake linatufaa sana, injini yake na tairi zake hazitufai. Na fedha utakayookoa kwa kununua kuukuu usiihesabu kuwa yako. Hiyo ni ya breki na taa.

Tuanze na asili yake. Mwaka 1979 televisheni ya ABC ya Marekani iliandaa shindano kule Carlsbad, California, likaitwa Superbikers. Walitaka kumpata mwendeshaji hodari kuliko wote, basi wakatengeneza njia moja yenye vipande vya lami, vumbi na miruko. Washindani wakachukua pikipiki za motokrosi wakazirekebisha ziweze kukimbia pia kwenye lami. Mchezo ukahamia Ulaya, Ufaransa wakaupenda kweli kweli, na baadaye viwanda vikaanza kuwauzia watu wa kawaida pikipiki za namna hiyo. Suzuki DR-Z400SM, iliyotoka mwaka 2005, ni moja ya zinazotajwa sana na wanaotafuta supermoto iliyotumika. Injini yake ni cc 398 na inapozwa kwa maji. Kiti kiko kama sentimita 89 kutoka ardhini, na tanki linabeba lita 10 hivi.

Ni mashine nzuri, sibishi. Sasa itoe huko uilete Makambako, tuone.

Kutoka Njombe mjini hadi Makambako ni kama kilomita 60. Kwenda na kurudi, 120. Ukifanya hivyo siku 22 kwa mwezi umetembea kilomita 2,640. Kwa mwaka unavuka kilomita 31,000, yaani zaidi ya robo tatu ya safari ya kuizunguka dunia kwenye ikweta! Injini ya cc 400 ikila lita moja kwa kilomita 20, unahitaji lita 132 za petroli kwa mwezi. Pikipiki ya cc 125 yenye injini nzima, ikienda kilomita 40 kwa lita, inahitaji lita 66. Zidisha mwenyewe kwa bei ya kituo chako cha mafuta, halafu angalia mshahara wako.

Hapo bado hatujafika kwa fundi. Jiwe likirushwa na lori likatoboa radieta ya hiyo Suzuki, spea utaipata wapi? Si Makambako, si Njombe, na huenda hata Dar es Salaam usiipate mpaka iagizwe nje. Wengi wetu waandishi wa mikoani tunalipwa kwa habari iliyochapishwa. Pikipiki ikilala gereji wiki tatu ikisubiri kifaa, hizo ni wiki tatu za kuandika habari za jirani tu, na kodi ya chumba haisubiri.

Kwa nini basi nasema umbo lake linatufaa? Kwa sababu ya barabara zetu zenyewe. Lami ya Makambako hadi Songea ilijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza, na ndiyo uti wa mgongo wetu. Lakini habari haziishi kwenye lami. Mgogoro wa ardhi, bei ya viazi na parachichi, zahanati isiyo na dawa, hayo yote yako pembeni: njia za mashamba ya chai kule Lupembe, vijiji vya Wanging'ombe, mashamba ya miti ambako malori ya magogo yamechimba makorongo. Kuanzia mwisho wa mwaka hadi Aprili mvua ikikolea, utelezi wake si mchezo. Hapo unataka chombo chepesi, chenye shokapu ndefu, usukani mpana na injini iliyo juu ya mawe. Ndivyo supermoto ilivyorithi kutoka kwa mama yake, pikipiki ya porini.

Tatizo ni tairi. Supermoto ina rimu ndogo, kwa kawaida inchi 17 mbele na nyuma, na tairi za lami. Rimu ndogo ya mbele inaingia kwenye korongo badala ya kulipanda, na tairi laini kwenye tope la Lupembe ni sawa na kuvaa kandambili kwenye sabuni. Kwa hiyo ukinunua supermoto kamili kwa maisha yetu, umelipia kitu ambacho lazima ukibadilishe.

Na sisi tunaye mama yake hapa hapa. Honda XL 125 na Yamaha DT 125 zimebeba mabwana shamba, mapadri na wafanyakazi wa miradi katika nchi hii kwa miaka mingi. Bado zinaonekana, nyingine zimefunikwa turubai nyuma ya nyumba. Gurudumu la mbele ni inchi 21, la nyuma ni dogo kidogo. Ushauri wangu ni huu: tafuta moja iliyo nzima, iache na rimu zake, ifunge tairi za mchanganyiko zinazovumilia lami na vumbi, kisha tengeneza breki. Hiyo ndiyo supermoto ya Njombe. Haitapendeza sana kwenye picha, lakini itakufikisha.

Kati ya hizo mbili mimi nachagua XL. DT ni nyepesi na ina vurugu ya kupendeza, lakini injini yake inakunywa oili pamoja na petroli. Ina kitanki cha pembeni, pampu inavuta oili na kuipeleka kwenye injini. Kitanki kikikauka au pampu ya miaka thelathini ikichoka, pistoni inaganda ghafla na gurudumu la nyuma linaweza kukaba ukiwa kwenye mwendo. Fikiria hilo likitokea huku lori liko nyuma yako. XL ina oili yake chini kama pikipiki nyingi za siku hizi, na ukiibadilisha kila mwezi kwa kilomita zile nilizotaja, inadumu.

Najua wapo watakaosema, "Wewe mwandishi unatafuta shida, nunua Boxer mpya au TVS." Hoja hiyo ina uzito. Spea zake zinauzwa kila kona, na fundi wa bodaboda anaifungua akiwa amefumba macho. Kwa mtu ambaye kazi yake yote iko juu ya lami, kutoka nyumbani hadi ofisini na kurudi, namwambia anunue hiyo, mjadala umeisha. Tofauti inakuja kwa anayeacha lami mara mbili tatu kwa wiki. Huyo shokapu fupi zitamchosha mgongo na kuivunja pikipiki taratibu. Lakini kabla hajanunua XL, aende kwanza kwa fundi mtu mzima, aulize: ringi, plagi, waya za klachi, cheni na meno yake, vitapatikana? Fundi akikuna kichwa, aachane nayo hata kama bei ni ya kutupwa.

Kuna jambo la hewa pia, ambalo madalali wa Dar hawatakuambia. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya kabureta inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu iliyokuwa nayo pwani. Pikipiki iliyotegeshwa Dar es Salaam ikifika huku inalewa petroli, plagi inakuwa nyeusi, asubuhi ya Julai unapiga kiki mpaka jasho likutoke kwenye baridi. Mara nyingi injini haijafa, kabureta inahitaji kurekebishwa tu. Usikubali fundi afungue injini kabla hajaangalia hapo.

Sasa karatasi. Pikipiki nyingi za aina hii zilianza maisha kwenye miradi ya wafadhili, zikiwa na namba za DFP, au serikalini, kisha zikauzwa kwa mnada. Zile zilizoingia nchini kwa msamaha wa kodi zinadaiwa kodi zinapohamia kwa mtu binafsi. Dai kadi halisi, linganisha namba ya chasisi na ya injini kwa macho yako, kisha nenda TRA kabla ya kutoa fedha. Ada ya mwaka ya leseni ya chombo ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo ule mzigo wa kurithi malimbikizo ya mwenye mali wa kwanza umepungua. Lakini kodi ya kuingiza nchini na kuhamisha umiliki ni mambo mengine kabisa. Mkataba wa kuandikiana kwenye karatasi ya daftari haukufanyi uwe mmiliki.

Nimeacha kubwa mwisho. Barabara hii ina malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma, ya magogo, ya viazi, na ukifika Makambako unakutana na barabara kuu ya kwenda Zambia. Ina kona, ina ukungu wa asubuhi unaoficha lori zima. Sasa XL za zamani nyingi zina breki za dramu mbele na nyuma, na nyingine zina umeme wa volti 6, taa yake ni kama kibatari. Ukiongeza mwendo kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Kwa breki iliyochoka ni zaidi ya hapo. Na dereva wa lori asiyekuona hatakukwepa.

Ndiyo maana nasema fedha iliyookolewa si yako. Ukinunua kuukuu kwa nusu ya bei ya mpya, ile nusu iliyobaki ina wenyewe: viatu vipya vya breki, beringi za magurudumu, tairi mbili mpya, waya mpya na taa inayomulika, kofia ngumu nzuri, na koti linaloonekana kwenye ukungu. Hayo yote kabla ya safari ya kwanza ya Makambako. Mtu akiniambia amenunua pikipiki na hana fedha ya hayo, namwambia bado hajanunua pikipiki. Amelipa nusu tu.

Tumezika vijana wengi wa pikipiki katika mkoa huu, na sisi waandishi tumeandika habari zao kwa aya tatu: jina, umri, mwendo kasi. Ni nadra kuandika hali ya breki. Labda tungeanza kuandika, wanunuzi wangeanza kuuliza. Mnunuzi anaanza na spidi yake, dalali anamjibu, wote wanacheka. Swali la kwanza liwe inasimamaje. Mwenye mali akuruhusu uijaribu kwenye mteremko, ukiwa na kofia. Akikataa, rudi na fedha zako upande kosta. Utachelewa kazini, lakini utafika.