Kabla hujauza kiwanja mwanao akasomee udaktari nje

Wiki iliyopita alikuja kliniki mzee mmoja wa hapa Nkuhungu, mgonjwa wangu wa presha kwa miaka sita sasa. Kwa muda mrefu presha yake imekuwa ikitulia. Siku hiyo ilisoma 182 kwa 110. Nikapima tena baada ya dakika kumi, ikawa ileile. Nilipomuuliza kama anameza dawa alinyamaza, akaangalia mlango, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Dokta, nimezisimamisha kwanza. Kuna jambo la mtoto."

Jambo lenyewe ni hili. Binti yake amemaliza kidato cha sita, amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, na anataka udaktari. Bado hajapata nafasi katika vyuo vya ndani alivyoomba. Wakala mmoja mjini amewaambia nafasi ipo nje ya nchi, ila malipo ya awali yanatakiwa ndani ya wiki mbili. Mzee ana kiwanja alichonunua kabla Serikali haijahamia Dodoma, na mnunuzi tayari amepatikana. Wakati anasubiri fedha za kiwanja, akaanza kubana matumizi. Alianzia kwenye dawa zake.

Ameniruhusu kuyaandika haya bila kumtaja jina, na ninayaandika kwa sababu si yeye peke yake. Kila msimu wa maombi ya vyuo, wazazi hunifuata na vipeperushi mkononi. Swali lao ni moja: "Nimpeleke, nisimpeleke?"

Naanza kwa kukiri kwamba mimi mwenyewe nilisomea udaktari nje, katika nchi ya baridi, na nilirudi nyumbani mwaka 2007. Kwa hiyo siandiki kuwabeza waliosoma nje. Mambo niliyoyapata huko nayatumia hadi leo. Nilikuwa na mwalimu ambaye hakukuruhusu kuangalia picha ya eksirei mpaka umguse mgonjwa kwanza na kueleza unachofikiri. Nilijifunza kuishi peke yangu, kusoma kwa lugha ngeni na kuomba msaada bila aibu.

Lakini nakumbuka pia usiku wangu wa kwanza wa zamu nikiwa daktari mtarajali. Aliletwa mtoto wa miaka mitatu akiwa na degedege, mwili unachemka. Malaria nilikuwa nimeisoma katika kurasa mbili za kitabu; mtoto mwenye malaria kali sikuwahi kumshika hata mmoja, maana kule nilikosoma hawapo. Nilisimama nikiwaza dozi. Muuguzi wa zamu, mama wa makamo, akaniambia kwa upole: "Dokta, tumpime sukari kwanza." Sukari ilikuwa imeshuka sana, jambo la kawaida kwa mtoto mwenye malaria kali. Tukampa sukari kwa mshipa, tukaanza dawa ya malaria, na asubuhi mtoto aliomba uji. Aliokolewa na yule muuguzi. Mimi nilikuwa na shahada, yeye alikuwa na wodi nzima kichwani.

Tangu usiku ule naamini kwamba daktari hutengenezwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Ukipima faida na hasara za kusoma nje, weka pembeni bendera ya nchi na uzuri wa majengo kwenye kipeperushi. Uliza atawagusa wagonjwa wangapi, watakuwa wakiongea lugha gani, na akirudi nani atamtambua.

Lugha peke yake ni jambo zito. Chuo kinaweza kufundisha kwa Kiingereza darasani, lakini mgonjwa wa China anaeleza maumivu yake kwa Kichina, na wa Urusi kwa Kirusi. Mwanafunzi ambaye lugha hiyo hajaishika vizuri hubaki nyuma ya kundi, akitazama migongo ya wenzake. Akirudi, hospitali ya wilaya inamsubiri azalishe, ashone na aingie chumba cha upasuaji. Hapa kwetu kuna pia magonjwa ambayo mafunzo ya nchi nyingine huyapitia juujuu: selimundu, utapiamlo mkali, kuumwa na nyoka, na trakoma inayopofusha macho, ambayo wilaya ya Kongwa imefanyiwa utafiti kwa miaka mingi.

Halafu kuna yale ambayo mzazi hawezi kuyazuia. Januari 2020 mji wa Wuhan ulifungwa kwa sababu ya korona, na Watanzania waliokuwa wakisoma huko walifungiwa humo. Machi mwaka huohuo China ilifunga milango kwa wageni, na wanafunzi waliokuwa wamerudi makwao walisubiri zaidi ya miaka miwili, wakisoma kwa intaneti. Historia unaweza kuisoma kwa intaneti. Kumzalisha mama huwezi kujifunzia kwenye simu. Februari 24, 2022 vita ilianza Ukraine, na wanafunzi wa kigeni katika mji wa Sumy, Watanzania wakiwamo, walikwama kwa takriban wiki mbili kabla ya kutolewa. Aprili 2023 ikafuata Sudan, na vijana wetu waliokuwa Khartoum ikabidi warudishwe nyumbani.

Hata hivyo, Ukraine hiyohiyo ilitupa mmoja wa madaktari wetu wanaojulikana zaidi. Profesa Mohamed Janabi alisomea udaktari Kharkiv, akaendelea na masomo Australia na Japan, akarudi kuongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na baadaye Muhimbili. Mwaka 2025 alichaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Njia ya nje inafika. Lakini angalia alivyoitumia: hakuishia kwenye shahada ya kwanza, na alirudi kufanya kazi kwa wagonjwa wa nyumbani.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla ya kutia saini popote, fanya mambo manne.

Kwanza, nenda mwenyewe, au wasiliana mwenyewe, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania na Baraza la Madaktari Tanganyika. Uliza kama chuo hicho na programu hiyo vinatambuliwa, na omba jibu kwa maandishi. Uliza pia mwanao akirudi atatakiwa kufanya mtihani gani kabla ya kuruhusiwa kuanza utarajali. Usiridhike na jibu la wakala. Mawakala wengi hulipwa kwa kila mwanafunzi wanayempeleka. Hawalipwi kwa kila daktari anayepata leseni. Na kama mwanao hakufaulu masomo yanayotakiwa kwa udaktari hapa nchini, halafu mtu anakwambia "huko hawajali hayo", simama hapohapo. Watajali akirudi.

Pili, uliza kuhusu miaka ya wodini. Ni hospitali gani? Wanafunzi wangapi kwa kitanda kimoja? Tafuta Mtanzania aliyemaliza chuo hicho na sasa anafanya kazi hapa, umuulize alizalisha akina mama wangapi kwa mikono yake. Usipompata hata mmoja, hilo nalo ni jibu.

Tatu, piga hesabu hadi mwaka wa mwisho, kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa takriban shilingi 2,300; katikati ya 2024 ilivuka 2,600. Tuseme ada ni dola 4,000 kwa mwaka. Ada hiyohiyo iliruka kutoka shilingi milioni 9.2 hadi zaidi ya milioni 10.4, na chuo hakikuongeza hata senti. Ongeza nauli, bima, viza, chakula na nguo za baridi. Ukiona fedha za kiwanja zinaishia mwaka wa pili, ujue unanunua nusu ya daktari, na nusu ya daktari haina leseni.

Nne, kaa na mtoto mwenyewe, bila ndugu kuwepo. Kijana wa miaka 19 anaweza kukubali ili asikuvunje moyo. Upweke wa ugenini ni ugonjwa wa kweli: nimewapokea waliorudi wakiwa wamekonda, hawalali, na nyumbani walikuwa wakiambiwa wavumilie tu. Mwambie mapema kwamba kurudi si aibu.

Msimamo wangu ni huu. Kama mtoto amepata nafasi katika chuo kinachotambuliwa hapa nchini, asomee hapa shahada ya kwanza, kisha nje aende kwa ubingwa. Chuo Kikuu cha Dodoma kinafundisha udaktari, na hapa mjini tuna Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambayo tangu 2018 inapandikiza figo. Kama amefaulu vizuri lakini nafasi za ndani zimekosekana, kuomba tena mwaka ujao si kupoteza mwaka. Na kama nje ndiyo njia iliyobaki, aende, mradi maswali yote manne yamejibiwa.

Nawe mgonjwa unayesoma safu hii, usimpime daktari kwa nchi aliyosomea. Mpime kwa namna anavyokusikiliza na kukugusa, na kwa kukubali kwake kumuuliza mwenzake pale asipojua.

Yule mzee nilimwambia maneno machache. Presha haiumi, ndiyo maana ni rahisi kuisahau, lakini ukiacha dawa inaweza kukuletea kiharusi hata kabla binti hajapanda ndege. Nikamwambia pia kwamba kama dawa ni ghali, aje tuzungumze, zipo za bei nafuu, asiache kimyakimya. Alimeza kidonge palepale. Maswali manne niliyaandika nyuma ya karatasi ya vipimo.

Juzi alirudi. Presha imeanza kushuka: 156 kwa 96. Kiwanja bado hajakiuza. Maswali amempelekea wakala, na wakala amesema atampigia.

Hadi naandika haya, simu haijapigwa.