FUNDI HULIPWA KWA UJUZI, SI KWA KUZUNGUSHA SPANA



Wengi wetu huchanga fedha tukanunua gari kuukuu la kubebea mazao. Taa ya injini ikiwaka, mabishano huanza: tubadilishe sensa wenyewe, au tumlipe fundi? Sensa ninayoisema si ile ya kuhesabu watu, bali kile kidude kinachopima joto, hewa au mzunguko wa injini na kuipasha habari kompyuta ya gari.

Mimi nilikuwa upande wa kubadilisha wenyewe. Gari la kikundi chetu lilipopimwa kwa mashine ilitokea namba P0118, ya sensa ya joto la maji. Mwenzetu alitaka aitwe fundi. Nikamjibu, "Kufungua kidude kimoja nako ni kazi ya kulipia?" Nikanunua sensa mpya kwa fedha za kikundi, nikaifunga. Taa ikaendelea kuwaka. Fundi alipokuja aliufuata waya kwa vidole, akatuonyesha mahali panya alipoutafuna. Dakika kumi tu.

Namba ile husema kwamba habari za joto haziifikii kompyuta sawasawa. Haisemi kama sensa ndiyo iliyokufa au waya ndio uliokatika. Kazi yenyewe ni kulijua hilo.

Fundi alipotaja malipo yake, baadhi yetu walinung'unika: "Kwa dakika kumi?" Ndugu zangu, maneno hayo ni ya nani? Si ndiyo ya mwajiri anayesema kuchuma chai ni kazi ya mtu yeyote? Tukidai ujuzi wetu uheshimiwe, tuuheshimu na wa mwenzetu.

Sisemi tumwite fundi kwa kila jambo. Mkiwa na mita ya umeme, pimeni sensa ya zamani kabla ya kununua mpya. Kwa magari mengi ya Toyota, sensa nzima ya joto la maji husoma ohmu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na ohmu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Ikiwa ni mbovu na iko mahali pa wazi, ibadilisheni wenyewe. Ngojeni injini ipoe kabisa, maana maji ya moto huunguza vibaya. Fungueni waya wa hasi wa betri. Shikeni plagi, msivute waya. Kazeni kwa kiasi, kisha rudishieni maji yaliyomwagika.

Shauri langu ni hili: kila tawi lichange linunue mashine moja ya kusoma namba na mita moja, kisha limwalike fundi atufundishe, naye alipwe kwa kutufundisha. Hapo tutajua kazi ipi ni yetu na ipi ni yake, na hakuna atakayetupa fedha za wenzake kwa kiburi, kama nilivyofanya mimi.