Mtu anayetia klore ni mfanyakazi, si mjitolea

Kila mara maji yanapokatika huku kwetu tunatangaziwa hesabu zilezile: malori mangapi yamefika, matangi mangapi yamewekwa, robine ngapi zimefunguliwa mbele ya kamera. Kuna hesabu moja ambayo haiandikwi kwenye tangazo lolote. Ni watu wangapi wamefundishwa kazi ya maji, na nani atawalipa mwezi wa saba ikiwa mradi umeisha mwezi wa sita?

Ninasema wazi. Kivu ya Kaskazini ina ziwa, ina mvua, ina chemchemi milimani. Wanaokosekana ni watu wa maji waliofundishwa na wanaolipwa, na kukosekana kwao kunaua watoto.

Tuanze na Goma, maana Goma haisamehe uzembe. Mji huu umejengwa juu ya mawe ya volkano. Mvua ikinyesha, maji yanapenya na kupotea chini. Hakuna mto unaopita mjini, na kuchimba kisima katika mawe yale si kazi ya jembe. Maji yako ziwani, chini, na watu wako juu. Maji yanayofika Majengo au Ndosho kwa bomba yamepandishwa na pampu, na pampu inataka umeme. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, tangi la mita za ujazo 5,000 na mabomba yake viliharibika, na watu karibu nusu milioni wakabaki bila maji safi. Mwisho wa Januari 2025 vita vilipoingia mjini, umeme ulikatika, pampu zikasimama, na wamama wakateremka ziwani na bidoni zao.

Mara hizo zote maji yalirudi kwa sababu palikuwa na mafundi wachache wanaojua ni valvu gani ifungwe na bomba gani lipite wapi. Wachache sana. Mengi ya wanayoyajua yamo vichwani mwao. Mmoja akihama, akiugua au akifa, ramani ya mtaa mzima inaondoka naye.

Wakubwa wetu wanakumbuka Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu. Katika mwezi wa kwanza tu watu karibu 50,000 walikufa, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu, na ziwa lilikuwa palepale mbele yao. Mawe yalikuwa magumu hata kuchimba choo au kaburi ilikuwa shida. Dunia ilishtuka, ikafanya uchunguzi, na kuanzia mwaka 1997 mashirika yakaanza kuandika kanuni zinazoitwa Sphere, ambazo leo zinafuatwa katika makambi ya dunia nzima. Kwa sehemu kubwa kanuni zile zilitokana na maiti za hapa kwetu.

Zinasemaje? Angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Robine moja isizidi watu 250. Umbali usizidi mita 500, na mtu asikae kwenye foleni zaidi ya nusu saa. Sasa tupige hesabu ya nyumbani. Jamaa ya watu saba inahitaji lita 105, yaani bidoni tano za lita 20 na kidogo juu yake. Robine nzuri inatoa kama lita saba na nusu kwa dakika, kwa hiyo watu 250 wanaimaliza siku nzima ya kazi, saa nane na dakika ishirini bila kupumzika. Robine ya pili ikifungwa kwa sababu kipande kidogo cha mpira cha ndani kimekwisha, watu wake 250 wanahamia kwa jirani. Robine moja sasa inatakiwa kutiririka zaidi ya saa kumi na sita. Haiwezekani. Wanaobaki wanakwenda ziwani, au wanalipa chukudu na motari bei inayopanda kila asubuhi.

Kipande cha mpira! Ninawaomba wakubwa wa mashirika wakisikia neno hilo wasicheke. Tumeona robine zimewekwa kwa fedha nyingi, zina ubao wenye rangi na majina ya wafadhili, zikafungwa miezi kwa sababu hakuna aliyefundishwa kuifungua na kubadilisha kitu ambacho bei yake haifiki bei ya sahani ya wali na maharage. Ubao bado unang'aa.

Lakini kazi inayoniuma zaidi ni ile ya klore kandokando ya ziwa. Mnaijua. Mtu amesimama na kizibao chenye jina la shirika, ana ndoo ya dawa na bomba la sindano lisilo na sindano. Kila bidoni inapita mbele yake, anatia dawa, anasema subiri nusu saa kabla ya kunywa. Ukimwangalia toka mbali utadhani ni kazi ya mtoto. Sikilizeni inavyotaka.

Unga wa klore unaofika hapa una nguvu ya karibu asilimia 70. Lazima upimwe, kama gramu 15 kwa lita moja ya maji safi, ili upate dawa mama ya asilimia moja. Dawa hiyo ikiachwa juani inapoteza nguvu, kwa hiyo hukaa kwenye chombo kilichofunikwa, kivulini, na inatengenezwa upya mara kwa mara. Ukitia mililita tano kwenye bidoni ya lita 20, umetia miligramu mbili na nusu kwa kila lita. Je, inatosha? Inategemea maji ya siku ile. Mvua ikiteremsha udongo ziwani, uchafu unakula klore yote na vijidudu vinabaki. Ndiyo maana asubuhi mtu wa klore anatakiwa kuchukua ndoo kadhaa, kuzitia vipimo mbalimbali, kungoja dakika 30, kisha kuchagua ile iliyobakiza karibu nusu miligramu kwa lita. Anapima kwa kidonge kinachogeuza maji kuwa ya waridi. Yakibaki meupe, hakuna kinga. Akizidisha, maji yananuka, wamama wanayamwaga na kurudi kuchota maji mabichi, na hapo ametushinda vilevile.

Kazi hiyo ni ya muuguzi wa maji. Akikosea asubuhi moja, bidoni mia kadhaa zinaingia majumbani zikiwa na kipindupindu. Na huyo mtu tunamwita nani? Mjitolea. Anapewa semina ya siku moja au mbili, chai na mandazi, kizibao, kisha kitu kinachoitwa motivasyo, ambacho si mshahara, hakina karatasi, hakina matibabu, na kinakatika siku mradi unapofungwa. Vidonge vya kupimia vikiisha, anaendelea kutia dawa kwa kukisia. Akilalamika, anaambiwa kuna wengine wanaoitaka nafasi yake. Ni kweli wapo, kwa sababu njaa ipo.

Huku dereva wa gari la mradi ana mkataba. Mlinzi wa ofisi ana mkataba. Sisemi wanyang'anywe, nao wana watoto. Ninauliza tu kwa nini mtu ambaye afya ya mtaa iko mkononi mwake ndiye peke yake anayefanya kazi kwa moyo.

Na wamama? Tangu utoto wao wanabeba maji, wanajua robine gani inaanza kutoa saa tisa ya usiku na chemchemi gani inachafuka kwanza mvua ikinyesha. Ikifika kazi ya kubeba na kufagia pale robineni, wanaitwa. Ikifika kozi ya ufundi yenye cheti, orodha inajaa wanaume, na mara nyingi wanaume wenye undugu na aliyeandika orodha. Shefu wa avenyi, baba yetu, tunakuheshimu, lakini mpwa wako asiyejua kushika spana asiwe fundi wa mtaa mzima.

Nitaambiwa: hii ni vita, mambo ya mafunzo yangoje amani. Nitaambiwa pia kwamba waliohamishwa na vita ni watu wa kupita, leo wako hapa kesho hawapo, ya nini kuwafundisha? Hoja hiyo ndiyo ninayoipinga kwa nguvu zote, kwa sababu tuliona yaliyotokea. Februari 2025 makambi yaliyozunguka Goma, Bulengo, Lushagala, Rusayo, Kanyaruchinya, yalifikia kuwa matupu kwa siku chache. Jamaa zilifunga mizigo na kuelekea Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Hakuna aliyeweka tangi mgongoni. Kitu pekee ambacho hakingeachwa pale ni kile ambacho mtu amejifunza.

Fikirini kama katika kila kambi vijana na wamama mia moja wangekuwa wamefundishwa sawasawa, wakapewa cheti kinachotambulika. Wangefika vijijini kwao na kazi mkononi. Kule milimani maji hayasukumwi kwa pampu, yanateremka yenyewe kutoka chemchemi: kuna kisanduku cha saruji juu ya chemchemi, kuna bomba, kuna tangi, kuna robine. Mtu aliyerudi baada ya miaka miwili anakuta kisanduku kimepasuka, uzio umeliwa na ng'ombe, bomba limekatwa. Fundi mmoja anayejua kuziba ufa, kuzuia mifugo na vyoo visisogelee chemchemi, na kuunganisha bomba, anaweza kurudishia kijijini maji kabla lori lolote halijafika. Na malori hayafiki kule, barabara mnazijua.

Katika makambi yale walikuwamo walimu, wajenzi, mafundi wa mabomba, wauguzi. Waliandikwa wote kwa neno moja, wahitaji, wakapewa tokeni na kupangwa foleni.

Kuhusu sheria tusidanganyane. Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 48, inahakikisha haki ya kupata maji safi ya kunywa. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 iliondoa hali ya Regideso, iliyoundwa mwaka 1939, kuwa peke yake katika kazi hii, ikafungua mlango kwa wengine na kuyapa majimbo na maeneo madaraka juu ya huduma ya maji. Ni sheria nzuri kwenye karatasi. Lakini madaraka bila mafundi ni muhuri tu. Tuna shule za ufundi zinazofundisha umeme, ujenzi na mekanika. Jiulizeni, katika avenyi yenu ni vijana wangapi mnaowajua waliosomea maji?

Tena msiniambie hakuna fedha. Mradi wowote una fedha za ubao, fedha za sherehe ya kufungua, fedha za magari. Yatolewe kabla ya yote hayo malipo ya miaka miwili ya mtu wa klore na mtunza robine, sanduku la vipuri, na kozi ya wiki kadhaa yenye mtihani wa mikono: apewe robine iliyovunjika, aitengeneze mbele ya watu. Anayeshindwa arudi kujifunza. Na bendera iliyo juu ya ofisi ya jimbo iwe ya nani, pampu haiulizi, wala kipindupindu hakiulizi.

Kwa wakaaji nasi tuna la kusema. Mtaa unaolipa franka kwa kila bidoni una haki ya kuona daftari: ziliingia ngapi, zilinunua nini, mtunza robine alipata ngapi. Komite ya maji isiyoonyesha daftari ibadilishwe. Na jamaa zilizohamishwa zisizo na kitu zisifukuzwe robineni kwa kukosa franka. Gharama yao ibebwe na wale waliokuja kwa jina lao. Pia bidoni zenyewe zioshwe ndani, tieni changarawe na maji yenye klore, mtikise mpaka ule utelezi utoke, kwa sababu klore iliyotiwa vizuri ziwani inaisha bure ndani ya bidoni chafu.

Basi shirika lijalo likija kuweka tangi karibu nanyi, pokeeni, shukuruni, kisha mwulizeni mkubwa wa msafara maswali mbele ya watu wote. Nani atapima klore hapa siku gari lenu likiondoka? Amefundishwa siku ngapi? Nani anamlipa, mpaka lini? Vipuri viko kwa nani? Kila mahali pa kutilia klore panapaswa kuwa na daftari la vipimo, tarehe na saa. Ombeni kuliona. Mkikuta ukurasa wa mwisho uliojazwa ni wa mwezi uliopita, tuleteeni habari redioni. Tutasoma jina la mahali, si la kwenu, na tutamtafuta mwenye mradi atujibu hewani.