Mpangie Mzazi Simu Kabla Hujamkabidhi
Simu ya kabambe ina vitufe unavyoweza kuvipapasa hata gizani. Simu janja nyingi za leo hazina. Tangu Android 10 itoke mwaka 2019, kwenye simu nyingi za Android unarudi nyuma kwa kuburuta kidole kutoka ukingoni mwa kioo, na unarudi mwanzo kwa kukipandisha kutoka chini. Kwa mama anayeuza mbuzi Namoruputh, vidole vikiwa vikavu na vumbi tele, kioo hugoma na M-Pesa hukwama katikati. Asichekwe. Simu nyingi za Android bado zina chaguo la vitufe vitatu vya kwenye kioo: fungua mipangilio, tafuta usogezaji, uvichague. Wewe unayemnunulia mzazi simu Lodwar au Kakuma, mwekee vitufe hivyo kwanza, kisha keti naye mpaka aweze kutuma pesa mwenyewe.