Mgonjwa aelezwe kabla ya MRI

Abiria wa Feri ya Likoni huvumilia msongamano na mngurumo wa injini kwa kuwa anajua atafika ng'ambo. Mgonjwa anayepigwa picha ya MRI naye aelezwe safari yake.

Atalala ndani ya mtambo kama pipa lililo wazi pande mbili, mara nyingi dakika 20 hadi 60, bila kujitikisa. Mtambo hugonga kwa kishindo, hivyo huzibwa masikio na kupewa kengele ya kuita mhudumu. Hautumii eksirei, bali sumaku kali na mawimbi ya redio. Avue vyuma vyote, na ataje kifaa chochote kilichopandikizwa mwilini.

Asiyeelezwa huenda akashtuka, akatoka kabla picha haijakamilika, na ugonjwa ukabaki umejificha. Madaktari wenzangu, tusiandike karatasi tu. Tuzungumze na mgonjwa.