Ukimlenga mwenzio kichwani, toka nje!

Jamani, kelele zimezidi sasa. Kila msimu wa mpira wa Kimarekani ngazi ya vyuo, wimbo ni ule ule: eti waamuzi wameua mchezo, eti wameulainisha mpaka umekuwa kama andazi. Kisa? Kijana katolewa nje kwa kumgonga mwenzake kichwani kwa helmeti.

Kwa msomaji ambaye mpira anaoujua ni wa akina Simba na Yanga, kanuni yenyewe iko hivi. Ukiinamisha kichwa na kumchoma mpinzani kwa utosi wa helmeti, au ukimlenga kichwani au shingoni mtu asiyeweza kujikinga (mfano yule ambaye macho yake bado yako kwenye mpira ulio hewani), timu yako inapigwa yadi 15 na wewe unatoka. Kutoka nje kulianza msimu wa 2013. Tangu 2008 adhabu ilikuwa zile yadi 15 tu. Sasa yadi 15 ni adhabu gani bwana? Hiyo ni bei. Kocha anapiga hesabu, anaona inalipika, mchezo unaendelea.

Halafu wanasema kutolewa nje ni ukatili. Hebu subiri. Kwenye soka ukilambwa kadi nyekundu timu inabaki watu 10. Kule Marekani ukitolewa anaingia mwingine, timu inabaki na watu wake 11! Huo ukatili uko wapi?

Wanaopiga kelele wanasahau pia kwamba kanuni hii inamlinda hata anayegonga. Oktoba 2010, Eric LeGrand wa chuo cha Rutgers alikimbia kumkaba mchezaji wa Army. Yeye ndiye aliyekwenda kukaba, si aliyekabwa. Kichwa kikatangulia, shingo ikavunjika, akapooza. Tangu 1976 vyuo vilishapiga marufuku kutanguliza kichwa wakati wa kukaba, na visa vya kupooza vilipungua sana. Lakini marufuku bila meno haimtishi kijana wa miaka 20 anayeshangiliwa na watu elfu themanini.

Na ubongo je? Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walitoa matokeo ya uchunguzi wa bongo za marehemu waliocheza mpira huu. Kati ya 53 walioishia ngazi ya chuo, 48 walikuwa na ugonjwa unaotokana na kugongwagongwa kichwa. Ni kweli, bongo hizo zilitolewa na familia, nyingi zikiwa tayari na wasiwasi. Toa hao, bado namba inatisha.

Kanuni ina makosa, sikatai. Msimu wa 2013 video ikionyesha mchezaji hana hatia alirudi uwanjani, lakini yadi 15 zilibaki palepale. Upuuzi mtupu, ukafutwa mwaka uliofuata. Mwaka 2018 Devin White wa LSU alikosa nusu ya kwanza dhidi ya Alabama kwa kosa ambalo hata mimi naliona jepesi. Mashabiki wakabandika mabango barabarani aachiwe, utadhani yuko Segerea!

Mimi kinachoniudhi ni kingine. Januari 1, 2025, Texas na Arizona State wako sare 24-24, dakika za mwisho, robo fainali ya taifa. Michael Taaffe wa Texas anamgonga Melquan Stovall, helmeti kwa helmeti. Waamuzi wanatazama video, wanasema hakuna kosa. Texas ikashinda 39-31 katika muda wa nyongeza, na kocha wa Arizona State akabaki kusema hajui kosa hilo ni lipi.

Gongo lile lile lingetokea Septemba, robo ya kwanza, na timu ndogo, naamini kijana angekuwa nje. Hakuna mahali kanuni inaposema "isipokuwa mechi ikiwa kubwa." Wakitaka kurekebisha kitu waanzie hapo, wamwache huyo mwamuzi mwenye ujasiri wa kumtoa mtu nje.