Kabla Hujapakia Mpunga, Kagua Usukani na Geji

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, mimi ni afisa ugani, si fundi magari. Lakini nikikushauri kuvuna mpunga kwa wakati na kuukausha vizuri, halafu ukaharibikia njiani, jasho letu sote limepotea. Ndiyo maana leo nazungumzia malori.

Malori mengi yanayobeba mazao kutoka Majimoto, Usevya na Kibaoni kuja Mpanda ni Canter na Fuso za zamani. Uzee si kosa. Gari la zamani likitunzwa linafanya kazi. Tatizo ni kwamba mwenye gari akipata fedha za msimu anaanza na rangi na redio, huku usukani unacheza na geji zimelala. Maoni yangu ni haya: shilingi ya kwanza iende kwenye usukani na geji.

Mfanyabiashara mmoja ninayemfahamu alikodi lori ambalo geji ya joto ilikufa siku nyingi. Dereva akamwambia, "Injini hii naijua kwa sikio." Bomba la rejeta likaanza kuvuja wakiwa ndani ya Hifadhi ya Katavi, kabla ya kufika Sitalike. Sikio lilikuja kusikia injini imeshachemka na kukwama. Walilala kwenye kebini, maana huko nje ni kwa simba na tembo. Usiku mvua ikanyesha, na turubai lina matundu. Mpunga uliolowa aliuuza kwa hasara, na mtaji wa msimu ukaishia hapo.

Geji zikifa zote kwa pamoja, usikimbilie kununua dashibodi nzima. Anza na fyuzi, kisha waya wa athi nyuma ya dashibodi. Ikifa moja tu, mara nyingi shida ni sensa yake au waya wake. Kwa gari la zamani lenye sensa ya waya mmoja, fundi awashe swichi bila kuwasha injini, achomoe waya wa sensa ya joto na kuugusisha kidogo kwenye chuma cha injini. Mshale ukipanda, sensa ndiyo mbovu. Usipopanda, tafuta kwenye waya au kwenye geji yenyewe.

Kwa usukani, simamisha gari pa tambarare, injini imezimwa, magurudumu yametazama mbele na yamewekewa mawe. Mmoja azungushe usukani kidogo kushoto na kulia, mwenzake aangalie chini. Usukani ukizunguka bila tairi kusogea, tafuta panapocheza: jointi za shafti ya usukani, gia boksi yake au tairodi. Ukitikisika juu na chini, kagua bushi na bolti zinazoshika shafti hiyo. Kilicholika kibadilishwe; usikubali kichomelewe. Chuma cha kuchomelea kinaweza kukatika ghafla, na huko nyuma kuna watu wamepanda juu ya magunia.

Nawe unayekodi, usione aibu. Mzigo ni wako. Kabla ya kupakia, mwambie dereva awashe swichi. Taa ya oili lazima iwake, kisha izime injini ikishanguruma. Isipowaka kabisa usifurahi, huenda balbu au waya umekufa. Shika usukani mwenyewe uone unavyocheza.

Najua wenye malori watasema msimu ni mfupi, hakuna muda wa gereji. Ni kweli, na ndiyo maana kazi hii ifanyike sasa, lori likiwa halina mzigo. Na sisi wenye mazao tuache kuchagua lori kwa nauli ndogo peke yake. Tukikataa kupakia kwenye lori lenye geji zilizokufa, litapelekwa kwa fundi wiki hiyo hiyo.

Kazi njema na mavuno mema.